Suruali Iliyokutwa Tunduni

Bundar, mkuu wa walinzi wa mji wa Zarang, aliitandaza suruali juu ya zulia, akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama kwa mapenzi kama bibi harusi anavyotazama sanduku lake. Ilikuwa suruali ya buluu, pana, yenye kiraka gotini. Kiunoni palikuwa na alama ya panga la kinu cha upepo, imeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Mzee Kuhyar, kesi imekwisha," alisema. "Nimekuita uje unipongeze tu."

Kuhyar alichuchumaa na magoti yakamlia. Alikuwa na miaka sitini na miwili, na thelathini kati ya hiyo aliitumia kutoboa kuta za watu. Alikuwa ayari, na si ayari wa kubahatisha. Wenye maduka wa Zarang wakitamka neno hilo wanamaanisha mwizi basi, lakini wenyewe wanamaanisha mtu wa udugu, aliyekula kiapo na kufungwa suruali na mkubwa wake mbele ya wenzake. Siku moja alitubu, mwenyewe hasemi kwa nini, na tangu hapo serikali inampa mshahara na nyumbu ili awasake wanaofanya aliyokuwa akiyafanya yeye. Nyumbu mwenyewe ni mvivu, na mshahara huchelewa.

Bundar alimsimulia mambo yalivyokuwa, huku akitembea na tumbo lake mbele. Jumatatu Amiri alimletea Bwana Farrukhan, mkuu wa mji, joho la heshima, la hariri, lenye jina la Amiri pembeni kwa nyuzi za dhahabu. Ijumaa alitakiwa alivae msikitini mbele ya mjumbe wa Amiri. Jumatano alfajiri nyumba ikaamka kwa kelele: ukuta wa ghala umetobolewa, joho halipo, na tunduni imenasa suruali hii. Alama ikatambuliwa mara moja. Ilikuwa ya Shirzil, fundi wa vinu vya upepo, kijana wa udugu. Akakamatwa kwake kabla ya chai. Kadhi akamuuliza kama suruali ni yake, akasema ni yake. Akamuuliza kama ameiba, akasema hakuiba. Akamuuliza suruali ilifikaje pale, akanyamaza kimya kama maji ya mtungi. Basi Kadhi akampa muda hadi kesho, Ijumaa, baada ya sala. Asipoeleza, mkono wake wa kulia unakatwa.

 Aliichukua kamba ya suruali akaipitisha kidoleni taratibu, mwanzo hadi mwisho.

"Kamba hii nani ameifungua?"

"Hakuna. Imeletwa vilevile ilivyokutwa."

"Bundar, mimi tunduni nimeacha ngozi, nimeacha jino, mwaka mmoja nikaacha nusu ya sikio. Suruali sijawahi kuacha. Ili ikutoke ni lazima ipasuke, au kamba ikatike. Hii imefunguliwa kwa raha zake, kama mtu anakwenda kulala."

Bundar aliinama akatazama. Akakuna shingo.

"Labda aliona joto," alisema.

Kuhyar alimwangalia kwa huruma, akaomba ruhusa ya kwenda jela.

*

Shirzil alikuwa ameketi kwenye majani makavu, mrefu, mabega kama mlango. Alikuwa amevaa suruali ya mkewe. Ilikuwa na maua ya manjano na iliishia chini kidogo ya magoti. Walinzi walikuwa wamecheka tangu jana hadi mbavu zimewachoka, na sasa walikuwa wanacheka kwa mazoea tu.

"Mkeo hajambo?" aliuliza Kuhyar, akikaa.

"Hajambo, mzee. Anataka suruali yake."

Kuhyar alicheka, Shirzil naye akacheka, lakini jicho la mzee lilikuwa kwenye mkono wa kulia wa kijana. Ulikuwa umejaa sugu. Ni mkono huo huo uliopanda juu ya vinu vya mji mzima kufunga mapanga ya matete wakati upepo unavuma, pale ambapo mafundi wengine husema watakuja kesho. Akikatwa huo hana kazi tena, na mkewe mimba yake ilikuwa ya miezi saba. 

Alimuuliza moja kwa moja: Jumanne suruali yake ilikuwa wapi? Shirzil akatazama dari. Iliibwa? Shirzil akasema hapana, haikuibwa. Aliiuza? Hapana. Aliipoteza? Hapana. Kila jibu lilitoka haraka na safi, kwa sababu ayari hasemi uongo hata akiwekewa upanga shingoni. Ndipo Kuhyar akauliza lile lililobaki.

"Ulimpa mtu?"

Dari ilikuwa na kitu cha kuvutia sana, maana Shirzil hakuondoa macho huko.

Kuhyar akashusha pumzi. Aliijua amri hiyo. Alikuwa ameiapia mwenyewe kabla kijana huyu hajazaliwa. Mtu akikuomba kitu ulichovaa, unavua. Ukishavua, umesahau ulimpa nani. Humtaji kwa mkeo, humtaji kwa kadhi, humtaji kwa malaika, kwa sababu kumtaja ni kumwaibisha aliyeomba. Amri nzuri sana hiyo ukiwa umeketi kwa rafiki zako mnakula tikiti.

"Mwanangu, watakukata mkono," alisema.

"Nimesikia, mzee."

"Aliyekuomba alijua hutamtaja. Amekufunga mdomo kwa kiapo chako mwenyewe. Mtu wa namna hiyo unamsitiri wa nini?"

Shirzil alifikiri. Hakuwa mjinga, ingawa suruali ile ya maua ilimfanya afanane na mjinga.

"Kiapo hakisemi tumsitiri mtu mwema peke yake," alisema.

Kuhyar akainuka akijishika mgongo. Hasira zilimpanda, na hasira zenyewe zilikuwa kwa sababu kijana amesema kweli.

*

Mtu huvua suruali mahali pawili, kwake na hamamuni anapokwenda kuoga. Kuhyar akaenda hamamuni.

Zangi, mwenye hamamu, alikuwa amekaa mlangoni akikunja mashuka ya kuogea na kulalamika peke yake. Hakungoja kuulizwa. Alipoona tu mtu wa serikali akaanza kushtaki: Jumanne adhuhuri Shirzil ameondoka na shuka lake, shuka jipya, amelifunga kiunoni akapita nalo sokoni hadi kwake mbele ya watu wote, na mpaka leo halijarudi.

"Jumanne adhuhuri," alisema Kuhyar polepole. "Una hakika?"

"Nilikuwa nalihesabu lile shuka kama mtoto wangu, sembuse kulijua saa lilipotoka. Nikamwita, we Shirzil, suruali yako iko wapi? Akaniambia ameiacha. Ameiacha wapi? Hajibu. Vijana wa siku hizi wana wazimu."

Mwizi aliingia kwa Farrukhan usiku wa kuamkia Jumatano. Suruali ilikuwa imeshamtoka mwenyewe tangu Jumanne mchana. Kuhyar alijisikia mwepesi kama ameshushiwa gunia, lakini furaha haikudumu, kwa sababu alijua Kadhi atasema nini. Kadhi hapokei ushahidi wa mwenye hamamu. Anasema mtu anayekaa kutwa akitazama watu uchi hana haya, na asiye na haya haapishwi. Zangi mwenyewe alilijua hilo na lilimuuma.

Kuhyar akamuuliza kama Jumanne kulikuwa na mtu aliyekosa suruali. Zangi akatema chini. Alikuwepo, tena ndiye aliyemharibia siku. Mtu mmoja alitoka majini, amejifunika taulo kichwa chote, akaanza kulia kwamba suruali yake imeibwa. Imeibwa hapa, kwa Zangi, ambapo haijawahi kuibwa hata kandambili. Zangi alimwambia atafute vizuri, na aliporudi na maji ya moto mtu hayupo, na Shirzil amebaki na shuka.

"Ulimwona uso?"

"Taulo nimekwambia. Ila alikuwa analia kwa lafudhi ya Balkh. Sisi hapa tukilia hatuvuti maneno hivyo."

Kuhyar akamlipa Zangi bei ya shuka kutoka mfukoni mwake. Zangi alisema hiyo haitoshi, lile lilikuwa jipya.

*

Nyumbani kwa Bwana Farrukhan alipokewa na msimamizi wa nyumba, mtu mwembamba aitwaye Nushzad. Macho yake yalikuwa mekundu kama hajalala siku mbili. Alimkaribisha mzee kwa maneno matano, na yote matano aliyavuta kama watu wa Balkh wanavyoyavuta.

Kuhyar hakuonyesha kitu. Aliomba aonyeshwe tundu.

Wakapita uani kwenda ghalani, na jambo la kwanza alilolishangaa lilikuwa utulivu. Nyumba ya mkuu wa mji, yenye watumishi ishirini, ilikuwa kimya kama kuna mgonjwa. Watu walitembea peku. Mpishi alimkanya mwenzake kwa kidole asigonge sufuria. Kuhyar akauliza kama kuna anayeumwa. Nushzad akasema hapana, Bwana ana huzuni ya joho.

Tundu lilikuwa kwenye ukuta wa kaskazini. Kuhyar alivuta pembeni gunia ambalo walinzi walilizibia, upepo ukampiga usoni, mchanga ukamwingia kinywani, na akaanza kucheka hadi akakohoa.

"Kuna nini, mzee?" aliuliza Nushzad.

"Wewe si wa hapa, ndugu yangu."

"Nina mwaka mmoja tu hapa."

Basi Kuhyar akamweleza kwa upole, kama mwalimu. Huu upepo unaovuma sasa unavuma siku mia na ishirini, na unatoka kaskazini. Katika siku hizo hakuna mwizi wa Zarang, hata wa jana, anayetoboa ukuta wa kaskazini. Ukitoboa, nyumba inalia kama zumari, mchanga unamwagika, na kila aliyelala anaamka na kukuuliza unatafuta nini. Na hata kama watu wangekuwa wafu, tundu likikaa wazi tangu usiku wa manane hadi alfajiri, mchanga ungefika magotini. Hapa siku ya pili ndiyo hii, na mchanga unafika kifundoni tu, na ufagio haujapita, maana nyayo za walinzi bado zipo. Tundu lilitobolewa alfajiri yenyewe, kelele zikapigwa papo hapo, na dakika chache baadaye walinzi wakaliziba kwa gunia hili.

"Aliyetoboa hakuwa wa hapa," alimaliza Kuhyar, "na hakuwa na haraka ya kukimbia. Pengine alitoboa, akanawa mikono, akapiga kelele yeye mwenyewe."

Nushzad alipauka. Kuhyar akamwambia sasa wakaone chumba chake.

Hapo mzee alijiamini kupita kiasi, na ilimgharimu saa nzima. Alikuwa na hakika kuwa msimamizi ndiye mwizi na joho atalikuta. Akapekua chumba cha Nushzad kama alivyokuwa akipekua enzi zake: godoro, dari, chini ya tofali linalocheza, ndani ya mtungi wa siki. Alikuta mashati mawili, kisu na barua za mama yake. Akapekua zizi. Akapekua tanuri la mikate, akatoka na masizi hadi nyusini. Hakuna joho. Na kadiri alivyopekua, swali lilizidi kumsumbua: mtu aibe joho lenye jina la Amiri alipeleke wapi? Halivaliki, haliuziki, na ukikutwa nalo, kichwa kinakwenda.

Alikuwa amekaa uani akijifuta masizi alipopita Bibi Parand, mtumishi mzee wa nyumba, akinyata na bakuli. Ndani ya bakuli kulikuwa na maini yaliyokatwakatwa vipande vidogo vidogo, na juu yake mende watano waliokufa wamepangwa vizuri.

Kuhyar akamtazama Bibi Parand. Bibi Parand akalifunika bakuli kwa ushungi.

"Cha paka," alisema.

"Paka gani anayekula mende, dada yangu?"

Bibi Parand akasema kuna paka na paka, akaongeza mwendo. Alielekea kwenye chumba cha mavazi cha Bwana, chenye pazia zito mlangoni. Nushzad alitangulia akasimama mbele ya pazia hilo, mikono ameitanua.

Zarang ni mji wa nyoka. Kila mtoto wa hapa anajua kwamba babu zetu zamani walipotia saini mkataba wa kuusalimisha mji kwa maadui waliweka sharti moja ambalo wenzao wa miji mingine waliwacheka: kalunguyeye asiuawe, kwa sababu yule mnyama mdogo wa miiba ndiye anayewala nyoka. Tangu hapo kila nyumba ina wake. Hafukuzwi, hasumbuliwi, na akizaa ndani ya nyumba hakuna anayepaza sauti wala kupagusa pale alipolala, maana mama akishtuliwa anakula watoto wake, na nyumba iliyosababisha hayo haitazamwi vizuri na majirani kwa miaka. Kuhyar alifikiria watu wanaotembea peku, na sufuria isiyogongwa, na maini yale.

"Amezaa wangapi?" aliuliza kwa kunong'ona.

Bibi Parand, ambaye siri ilikuwa imemchosha, alionyesha vidole vinne.

*

Bwana Farrukhan mwenyewe ndiye aliyelifungua pazia. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye ndevu zilizotunzwa, na siku zote amejulikana mjini kwa kulisha yatima. Alimwomba Kuhyar avue viatu.

Pembeni mwa chumba, juu ya zulia, palikuwa na rundo la hariri nyekundu, na nyuzi za dhahabu ziking'aa. Katikati ya rundo, juu kabisa ya jina la Amiri, kalunguyeye alikuwa amejikunja na watoto wanne weupe wamemganda tumboni. Alikuwa amechana bitana akatengeneza kiota. Alimtazama Kuhyar kwa jicho moja jeusi, akaona si wa maana, akalifunga.

Farrukhan alisimulia kwa kunong'ona, huku uso umemwiva kwa aibu. Jumatatu alilivaa joho siku nzima. Alilivaa akila, alilivaa akijitazama kwenye sinia la shaba, na usiku alipochoka akalivua akaliacha chini lilipoangukia, kama mtoto. Asubuhi akakuta hivi. Ampelekee Amiri habari gani? Kwamba zawadi yake ilitupwa sakafuni hadi mnyama akazalia? Amhamishe mama, ale watoto? Akaona heri joho liibwe. Baada ya wiki tatu wadogo wangeanza kutembea, joho lingeokotwa limechanika, na lawama ingekuwa ya mwizi. Watu wangeamini upesi wakisikia ni maayari, kwa sababu watu huamini hivyo siku zote.

"Na suruali?" aliuliza Kuhyar.

Farrukhan aliinamisha kichwa. Alimtuma Nushzad hamamuni akaombe suruali kwa mtu yeyote wa udugu. Alijua hawasemi wamempa nani.

"Sikujua Kadhi atafika huko," alisema. "Nilidhani watamfunga wiki mbili tatu, joho lionekane, atoke. Nimeshindwa nirudi vipi nyuma."

Kuhyar alijitahidi kunong'ona, na ilimwia vigumu.

"Bwana mkubwa, siku tatu nyumba nzima inatembea peku ili huyu mama asishtuke. Umefanya vizuri sana, nakusifu. Yule kijana naye ana mke mwenye mimba. Kesho mnamkata mkono. Mbona yeye hamkumvulia viatu?"

Farrukhan aliketi sakafuni. Machozi yakamtiririka ndevuni. Lakini hakusema ndiyo, wala hakusema twende, na Kuhyar aliona kabisa kwamba mtu huyu anaweza kulia hivyo hadi kesho baada ya sala. Mkuu wa mji hakamatwi na mzee mwenye nyumbu.

Aliyepiga moyo konde alikuwa Nushzad. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote.

"Nakwenda mimi," alisema. "Nilifunua taulo mbele yake, akavua akanipa, tena akaniuliza kama nimekula. Nimengoja siku mbili anitaje, nipumzike. Hanitaji. Sijalala, mzee. Kila nikifumba macho nasikia ananiuliza kama nimekula."

*

Kadhi alikataa kuamini kwa maneno, akasema ataona kwa macho yake. Kwa hiyo Alhamisi hiyo alasiri, mji wa Zarang ulipata heshima ambayo hautaisahau: Kadhi, mashahidi wawili waadilifu, Bundar na tumbo lake, na mjumbe wa Amiri aliyesikia fununu akafuata, wote peku, wamekunja kanzu, wanapita mmoja mmoja kwa ncha za vidole nyuma ya pazia. Bundar alishikwa na chafya. Bibi Parand alimziba pua kwa mkono wake mwenyewe, na mkuu wa walinzi hakuthubutu kulalamika. Mjumbe wa Amiri alitoka akiwa ameuma ncha ya kilemba asicheke. Alisema atamweleza Amiri kwamba joho lake limepewa kazi, na kwamba Bwana Farrukhan ajiandae kueleza yaliyobaki kwa mdomo wake mwenyewe. Farrukhan akasema ataeleza. Safari hii alisema kwa sauti ya kusikika, hadi Bibi Parand akamkanya.

Uani, Shirzil aliletwa amefungwa mikono, na suruali yake ya maua. Watumishi wa jikoni waliinamia masufuria ili wasimwangalie.

Nushzad alisema yote bila kuficha: taulo, kilio cha uongo, suruali, nyundo ya alfajiri. Kadhi alisikiliza akichezea ndevu. Alisema ukiri wa mtu juu ya nafsi yake unatosha, lakini alitaka na upande wa pili useme, kesi ifungwe vizuri.

"Shirzil, ni huyu uliyempa suruali?"

Shirzil alitazama juu. Mawingu hayakuwepo siku hiyo, lakini aliyatafuta.

"Ndugu, sema," Nushzad alimsihi. "Mimi mwenyewe nimeshasema. Nimekufungua."

Shirzil akazidi kutafuta mawingu.

Kadhi alimgeukia Kuhyar na kumuuliza kama kijana huyu ana akili timamu. Kuhyar akasema anazo, na ndiyo taabu yenyewe. Kadhi akatafakari, kisha akauliza kwa njia nyingine, kwa ukali kidogo, kama mtu aliyechoka na anayependa asionekane amefurahi.

"Je, una neno lolote la kuiambia mahakama kabla sijakuachia?"

"Ninalo, mheshimiwa," alisema Shirzil. "Mke wangu anaomba suruali yake."

Hapo hata mashahidi waadilifu walishindwa, wakacheka kwa kujiziba midomo, mabega yakiwatikisika. Kadhi akaamuru afunguliwe. Bundar ndiye aliyekata kamba, taratibu, akiomba radhi kwa maneno ambayo hakuna aliyeyasikia vizuri. Nushzad alipiga magoti, akaushika ule mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akauweka kwenye paji la uso, akalia kweli, si kama alivyolia hamamuni.

Shirzil alimwacha alie. Alisimama pale ameona haya, hajui atazame wapi, maana dari haikuwepo tena. Upepo ulikuwa unaongeza nguvu, na kutoka upande wa vinu kilisikika kitu kinachogonga, gonga, gonga, panga lililolegea tangu Jumatano na halikupata wa kulifunga. Alilisikiliza kidogo. Kisha akainama akamwambia Nushzad kwa upole:

"Nirudishie mkono, ndugu yangu. Nina kazi nao."